Mjomba anasema krokei ni mchezo wa wakoloni, tuucheze siku ya Nyerere au tuache?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Nyegezi hapa Mwanza, tuko marafiki wanane tuliosoma wote sekondari na kila tarehe 14 Oktoba tunakutana kwa mmoja wetu, tunapika, tunakaa, tunamkumbuka Mwalimu. Mwaka huu zamu yangu. Binamu yangu alituma seti ya krokei kutoka Uingereza (ule mchezo wa kugonga mpira kwa nyundo ya mbao upite kwenye vigeti vilivyosimamishwa chini) nikasema basi tucheze uani, ila nimekwama sehemu mbili. Vile vigeti vya waya vimepinda vyote maana uwanja wangu chini ni mawe, una mteremko, alafu ni mita 15 kwa 12 tu. Na mjomba wangu ambaye huwa anakuja kutuhadithia habari za Mwalimu amekasirika kweli, anasema huwezi kumkumbuka Baba wa Taifa kwa mchezo wa wakoloni. Na hakuna hata mmoja wetu anayejua kuucheza. Tuache?

Jibu: Marahaba binti. Msiache, ila mjomba naye usimpuuze, ntaanza na yeye kwa sababu mageti yana dawa ya siku moja lakini mzee aliyekwazika ukimwacha hivyo hivyo atakaa kwenye kiti siku nzima hasemi neno na hadithi zake mtazikosa, na hizo hadithi ndo zinawakutanisha.

Ana hoja. Huu mchezo Waingereza waliupokea kutoka Ireland miaka ya 1850, ukawaingia damuni, 1868 wakaanzisha klabu yao ya krokei ikaja kutua Wimbledon, ndo hiyo hiyo Wimbledon ya tenisi mnayoionaga kwenye tivii, tenisi ilifika pale baadaye kama mgeni, mashindano yake ya kwanza ni 1877, na mpaka leo neno krokei limo kwenye jina la klabu. Walipokuja makoloni walikuja nao kwenye vilabu vyao na majani yao yaliyokatwa vizuri, na Mwafrika pale ndani alikuwa anaingia akiwa amebeba trei. Kwa hiyo mjomba akiona hiyo nyundo ya mbao anaona trei. Usimwambie ni mchezo tu, mwambie unamwelewa, maana ni kweli.

Alafu mwambie habari za Wamisri. Kuna aina ya krokei inaitwa krokei ya gofu, ntaieleza hapo chini maana ndo mtakayocheza, mashindano ya dunia ya aina hii yalipoanza mwaka 1996 bingwa alikuwa Mmisri, Khaled Younis, na toka hapo Misri wamechukua ubingwa mara nyingi tu, wanajulikana kwa kupiga mpira kwa nguvu kutoka mbali na kuung'oa wa mpinzani pale alipoukalisha. Waliukuta mchezo kwenye vilabu vya Mwingereza kule Cairo, wakaufanya wao, wakageuka wakamfunga mwenyewe. Na haya maji mnayoyaona hapo Nyegezi yakitoka ziwani pale Jinja yanakuwa Nile yanakwenda mpaka Cairo. Kama maji yetu yanashuka mpaka kwao, mi sioni kosa mchezo wao kupanda mpaka kwetu.

Na kubwa zaidi ni Mwalimu mwenyewe. Alisoma Edinburgh kuanzia 1949 mpaka 1952, akarudi, akaongoza mapambano ya uhuru, alafu akiwa Rais akakaa chini akatafsiri Shakespeare. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka 1963, Mabepari wa Venisi ikaja 1969. Huyo Shakespeare ni Mwingereza kuliko krokei mara mia, lakini Mwalimu hakumtupa, alimleta akamwambia sema Kiswahili. Mi nikiangalia hilo naona ruhusa, yaani kitu cha mgeni unakichukua ukishajua utakifanyia nini kwa lugha yako na mikono yako. Kwa hiyo na nyie uchukueni hivyo hivyo, mageti yachomelewe na fundi wa hapo hapo mtaani, maneno yawe yetu (mi na vijana wangu tunasema nyundo, geti, kigingi, na mtu akipitisha mpira tunasema kapita), na pembeni ya uwanja wekeni bao. Mwalimu alikuwa mpenzi wa bao, hilo mjomba analijua kuliko mimi, na atakuta kuziba njia kwenye krokei hakuko mbali na hesabu anazopiga kwenye bao.

Sasa mchezo wenyewe. Kwenye kile kikaratasi cha seti mtakuta maelezo ya krokei ile ndefu ambapo ukigonga mpira wa mwenzako unapata mapigo ya ziada, na ukipita geti unapata tena, mtu mmoja anayejua anaweza kukaa uwanjani dakika 20 anacheza peke yake wengine mmesimama mnaangalia. Ni mchezo mtamu sana wa akili ila kwa watu wanane ambao hawajawahi kushika nyundo utaua siku. Nililifanya hilo kosa mimi, mara ya kwanza nilipoalika watu nyumbani niliwapa ile ndefu, masaa matatu yakapita hatujamaliza, mageti yakawa yanang'oka kila dakika, wageni mmoja mmoja wakahamia kwenye kochi ndani na uwanjani tukabaki wawili. Iliniuma, maana nilikuwa nimejiandaa wiki nzima.

Krokei ya gofu kila mtu anapiga pigo moja tu anampisha mwenzake. Mipira ni minne, bluu na nyeusi ni timu moja, nyekundu na njano timu nyingine, na zamu zinakwenda bluu, nyekundu, nyeusi, njano, basi mnazunguka hivyo mpaka mwisho. Wote mnalenga geti moja. Wa kwanza kupitisha mpira anachukua pointi ya timu yake na hapo hapo wote, aliyepita na ambaye hakupita, mnageukia geti linalofuata. Hapa ndo penye siri ya huu mchezo kwa watu wanaokutana kukumbuka kitu, hamna anayeachwa nyuma, hata ambaye mpira wake umekwenda kulala kwenye maua anatembea na wenzake kwenda geti linalofuata, mnakuwa kundi moja muda wote, mnaongea, mnabishana, mnatembea tena. Michezo mingine uani inawatawanya, huu unawakusanya.

Kwa kuwa mko wanane, kila rangi wape watu wawili wapokezane, huyu anapiga zamu hii na mwenzake anapiga ijayo, kwa hiyo wote nane mnacheza mechi moja. Wapangeni anayeona haraka na anayechelewa wakae pamoja. Mechi kamili ni mageti 13 na anayefika pointi 7 kwanza kashinda, nyie chezeni mageti 7, wa kwanza kufika pointi 4 amemaliza, nusu saa au zaidi kidogo kwa wanaoanza, mnapumzika, mnakula, mnabadilishana wenzi, mnarudi.

Mageti. Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu watu wengi wanafikiri nyundo ndo mchezo, hapana, geti ndo mchezo. Geti likicheza-cheza mpira unagonga mguu wa geti unapita wenyewe, hata aliyepiga vibaya anapata, na hapo hakuna tena sababu ya kujifunza kulenga. Vile vya waya vilivyokuja kwenye seti tupa. Nenda kwa fundi wa magrili, mwambie unataka baa ya duara iliyo laini ya milimita 12, usikubali nondo, nondo ina yale makovu na mpira ukigusa unakwaruzika na kukwama. Kila geti liwe na urefu wa sentimita 30 juu ya ardhi, sentimita 15 za chini kila mguu, na upana wa ndani sentimita 12, jumla unatumia kama mita 1 na sentimita chache, kwa hiyo baa ya mita 6 inatoa mageti matano na la sita unanunua kipande, kitakachobaki tengenezea kigingi cha katikati. Kwenye mashindano makubwa mpira una sentimita 9.2 na geti linauzidi kwa milimita chache tu, yaani unapita kama funguo kwenye kitasa, ila nyie wa 12 unawatosha, msibane zaidi mwaka huu.

Kuhusu mawe. Mwanza bhana kila mtu analalamika mawe, ila kwenye hili yametusaidia kuwa wabunifu. Usipigilie geti ardhini, utapiga mwamba wa kwanza tu geti limeshapinda. Tafuta makopo sita ya rangi ya lita 4, chimba mashimo ya kuyaingiza mpaka mdomo wa kopo uwe sawa kabisa na udongo, na kama jembe likikutana na jiwe sogea shimo nusu hatua, hamna atakayekukamata. Jaza zege, simamisha geti, mpira wako upitishe kabla zege halijashika uone kama miguu iko sambamba, alafu acha siku tatu. Hilo geti hata mtoto akilipanda halitikisiki. Ukitaka kuyatoa baada ya sikukuu, badala ya kuzika miguu moja kwa moja zika vipande viwili vya bomba jembamba ndani ya zege, geti linachomekwa na kuchomolewa, na unaziba matundu na vizibo watoto wasijikwae.

Majani yasikuumize kichwa. Kama una ukoka katakata ufike chini kabisa siku mbili kabla, kama huna majani na ni udongo, mwagia maji jioni, shindilia, fagia asubuhi, chezeni. Wamarekani walikuwa na mchezo wa jamii hii unaitwa roki, unachezwa kwenye uwanja mgumu usio na majani kabisa, na ukachezwa mpaka kwenye Olimpiki ya St. Louis mwaka 1904. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba bila majani kama zulia hakuna krokei.

Kupanga uwanja, una bahati sana na hizo mita zako, uwanja kamili ni kama mita 32 kwa 25 na nusu, uwiano wake ni tano kwa nne, na wako 15 kwa 12 ni tano kwa nne vile vile. Kwa hiyo kipimo chako ni mita 3. Kigingi katikati kabisa. Mageti manne ya pembeni kila moja liwe mita 3 kutoka kila mpaka uliokaribu nalo. Mawili ya kati yako kwenye mstari unaopita kwenye kigingi kwa urefu wa uwanja, moja mita 3 upande wa chini na lingine mita 3 upande wa juu. Yote yatazame urefu wa uwanja, yaani mpira unapita ukielekea juu au chini, hakuna la kupita kwa ubavu. Mipaka weka kamba ya manila ilale chini, mpira ukitoka unarudishwa pale pale ulipokatiza kamba.

Mnaanzia kona ya chini kulia, geti la kwanza ni la chini kushoto mnapita kwenda juu, la pili juu kushoto mnapita kwenda juu, la tatu juu kulia mnashuka, la nne chini kulia mnashuka, la tano ni la kati upande wa chini mnapanda, la sita la kati upande wa juu mnapanda. Kama bado hajapatikana mshindi, la saba ni lile la pili mkilipita kwa kurudi chini. Ukihesabu utaona katika sita za kwanza nne mnapanda na mbili mnashuka, kwa hiyo ile "juu" ya uwanja iwe ndo juu ya mteremko wako, mpira ukipanda unapoa wenyewe, ukishuka unakimbia mpaka getini kwa jirani. Ukigeuza kinyume mtashinda mnafukuza mipira barabarani siku nzima.

Kupiga nako kuna sheria moja ya maana kwenu, nyundo igonge, isisukume. Sikiliza sauti, iwe "ko" moja fupi, ukisikia mkwaruzo au sauti mbili pigo halihesabiki. Bembeza nyundo polepole katikati ya miguu kama kengele, macho kwenye mpira, usiinue kichwa kuangalia umekwenda wapi kabla haujaondoka. Aliyevaa gauni la kitenge lililobana au baibui apige kwa ubavu, sio kosa. Na kama bado uko pembeni ya geti usilazimishe kupita, piga kidogo tu ukae mbele yake, au nenda ukamwondoe mpinzani aliyekaa pale, au simama njiani umzibie. Hapo ndo utamu wenyewe ulipo, na ndo maana asiyekuwa na nguvu anamfunga mwenye nguvu. Toka karne ya 19 krokei ilikuwa moja ya michezo ya mwanzo ambayo wanawake na wanaume walicheza pamoja kwa sheria zile zile, hakuna upande wa kina mama. Nimeona hapa hapa Mwanza mama wa miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, anatembea taratibu akiegemea nyundo kama bakora, akawafunga vijana watatu wa chuo kwa sababu wao walikuwa wanapiga kwa kishindo na yeye anasogeza mpira hatua moja moja mpaka mlangoni. Alipopita la mwisho alicheka mpaka akakaa chini, na sijasahau sura yake.

Mpira mmoja ukipotea au ukipasuka usihangaike kuagiza Uingereza. Fundi wa kukereza mbao anakutolea wa mninga, ila mpira rasmi una gramu 454 na wa mninga wa saizi hiyo utakuwa nusu yake na kidogo, kwa hiyo ukibadilisha mmoja badilisha yote minne, isije ikawa timu moja ina mipira mizito.

Siku yenyewe anzeni kucheza saa tisa na nusu au saa kumi jua likipungua, kwenye saa kumi na mbili na nusu linazama. Oktoba mvua za vuli zinakuwa zimeanza kubisha hodi, na hili nalisema kwa msisitizo, ukanda huu wa ziwa radi zake sio za mchezo, mkisikia ngurumo hata ya mbali wekeni nyundo chini ingieni ndani, msisimame chini ya mwembe mkisubiri ipite. Watoto wadogo wakae nyuma ya kamba, kichwa cha nyundo kinarudi nyuma kwa nguvu kuliko mnavyodhani. Na aliyevaa ndala avae viatu.

Asubuhi iacheni kwa mjomba. Redio huwa zinarusha hotuba za Mwalimu siku hiyo, kaeni na michembe na karanga na chai msikilize, yeye awaeleze ilisemwa lini na ilikuwaje, muulizeni maswali ya kweli, msiweke simu mezani. Mchana sato na ugali. Krokei ije baada ya hapo, miili ikiwa imeshiba na maneno ya mzee bado yako kichwani, maana mchezo huu una kusubiri kwingi na kwenye kusubiri ndo watu wanaendelea na mazungumzo waliyoyaanza asubuhi. Nimeliona hilo mara nyingi, mtu anasimama na nyundo yake anangoja zamu anasema "ila lile alilosema kuhusu..." na mnaanza upya.

Na kwenye kupanga timu mjomba usimuulize kama atacheza, atakataa. Bluu ndo inaanza siku zote, hiyo ni sheria, na anayeipiga ndo anafungua uwanja. Mpelekee nyundo ya bluu pale pale kwenye bao lake, mwambie Mjomba, tunakusubiri wewe tuanze.